Njia Moja, Maradhi Mawili: Mpaka wa Tunduma Mwaka 1918 na Mwaka 2020



Ndugu wapendwa, anayeishi Tunduma hahitaji kufundishwa kwamba mji wetu ni njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hutembea zaidi ya kilomita 900 ndipo ifike kwenye geti letu, na kutoka hapo huendelea hadi Zambia na Kongo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, nayo inapita hapa. Mafuta ya magari, mbolea, nguo na saruji huenda upande ule, na shaba hurudi upande huu kuelekea bandarini. Mji uliohesabiwa watu zaidi ya 200,000 katika sensa ya mwaka 2022 umekua hivyo kwa sababu watu wanapita, wanalala, wanakula na kubadilisha fedha.

Lakini njia haichagui kinachopita juu yake. Katika muda wa miaka mia moja na ushee, njia hii imepitisha maradhi mawili yaliyoizunguka dunia nzima: mafua makuu ya mwaka 1918 na korona ya mwaka 2020. Katika tafakari ya juma hili tumeona vema tuyatazame yote mawili kwa pamoja, tujiulize maswali matatu: maradhi hayo yaliubadilishaje mwendo wa watu mpakani petu? Ni nani aliyebebeshwa lawama? Na ni nani aliyehesabiwa pale hesabu ilipofanywa?

Mpaka uliochorwa juu ya njia

Yatupasa kuanza na mpaka wenyewe. Kabla ya wakoloni, nchi hii kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika ilikuwa ukumbi wa kupitia. Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kutengeneza njia kutoka Karonga, kwenye ziwa Nyasa, kuelekea ziwa Tanganyika, wakaiita njia ya Stevenson kwa jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi zetu, ziliuchukua mto Songwe kuwa mwanzo wa mpaka upande wa ziwa Nyasa, na kutoka huko mstari ukavutwa hadi ziwa Tanganyika kwa namna ambayo njia ya Stevenson ilibaki upande wa Waingereza. Miaka michache baadaye, mwaka 1898, wapimaji walikuja kuuweka mpaka huo ardhini.

Mstari ule ulipita katikati ya watu. Wanyamwanga walibaki pande zote mbili, na hata leo mtu wa Tunduma anaweza kuwa na shangazi Nakonde, shamba upande huu na kaburi la babu upande ule. Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, unalichukua jina la mto uleule uliotumiwa kugawa. Hili tulikumbuke, kwa kuwa kila gonjwa kubwa linapokuja, wakubwa huutazama mpaka kama ukuta, ilhali wenyeji wanaujua kama njia ya kwenda kusalimia.

Mafua ya mwaka 1918

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimalizikia karibu na milango yetu. Tarehe 28 Septemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma kurudi katika nchi yetu likitokea Msumbiji. Likapita Songea, likapita Ubena, ambako Jenerali Wahle aliachwa nyuma kwa sababu ya ugonjwa. Mwishoni mwa Oktoba lilipita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba likavuka na kuishambulia boma ya Waingereza ya Fife, ng'ambo ya pale Tunduma ilipo leo. Kisha likaelekea Kayambi, misheni ya Mapadre Weupe iliyoanzishwa mwaka 1895, hadi Kasama, ambako liliingia tarehe 9 Novemba. Siku nne baadaye, kwenye mto Chambeshi, habari zikamfikia Jenerali huyo kwamba Ulaya imekwisha kuweka silaha chini. Tarehe 25 Novemba akasalimisha jeshi lake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Waliosalimu amri ni Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na pamoja nao wapagazi na wafuasi wengine elfu kadhaa.

Jeshi hilo tayari lilikuwa limeanza kuugua mapafu njiani. Na katika majuma yaleyale, mafua makuu yalikuwa yanashuka na kupanda katika bara zima. Yalikuwa yameingia Freetown mwezi Agosti kwa meli, yakaingia Cape Town mwezi Septemba kwa meli vilevile, na kutoka huko yakapanda treni. Reli iliyotoka kusini ilikuwa imefika Katanga tangu mwaka 1910, hivyo ugonjwa ulikwenda kwa mwendo wa treni mpaka pale reli ilipokoma au kugeuka. Huku kwetu hapakuwa na reli. Kila kitu kilikwenda kwa miguu na kichwani, na ugonjwa nao ukaja kwa mwendo wa mpagazi.

Ndugu wapendwa, tumtafakari kidogo mpagazi huyo. Vita vile katika Afrika Mashariki vilibebwa na vichwa vya watu. Jeshi la Waingereza pekee liliandika wapagazi kwa mamia ya maelfu. Upande wa Nyasa waliitwa tenga-tenga. Wengi hawakuwa na hiari. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi zaidi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokoma Novemba 1918, waliobaki waliachiliwa warudi makwao, wakapita vijiji vya watu, wakalala kwenye nyumba za watu, wakaomba maji. Ndivyo amani yenyewe ilivyoubeba ugonjwa hadi mahali ambapo vita havikuwa vimefika. Hata askari waliosalimu amri Abercorn hawakupona wote. Wengine walikufa kwa mafua njiani na kambini, vita vikiwa vimekwisha.

Mafua yale yalikuwa na ukatili wa namna yake. Mafua ya kawaida huchukua wazee na watoto wachanga. Yale yalichukua pia, tena kwa wingi, vijana wa miaka 20 hadi 40, yaani wenye nguvu ya kulima na kubeba. Duniani kote wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa walifika milioni 50. Na katika nyanda zetu yalikuja wakati mbaya kuliko wote, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza na jembe lilipohitajika. Nyumba ambayo baba na mama wamelala chini mwezi Desemba haina mahindi wala ulezi mwezi Mei. James Ellison, mtaalamu wa anthropolojia aliyechunguza athari za mafua hayo kusini-magharibi mwa Tanzania, ameonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyofungamana na njaa kali iliyofuata. Chakula kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa na majeshi yaliyopita, na mikono ya kulima kingine ikawa mgonjwa.

Je, mwendo wa watu ulibadilikaje? Hapakuwa na geti la kufungwa wala afisa wa afya wa kumpima mtu joto. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imeondoka, na ya Waingereza ilikuwa bado inaweka meza zake. Watu walijilinda kwa njia walizozijua tangu zamani za ndui: kukaa mbali na kijiji chenye ugonjwa, kukimbilia mashambani na porini, kutopokea mgeni. Mahali pengi katika Afrika shule za misheni zilifungwa na ibada zikakosa watu. Kisha, njaa ilipobana, watu walewale waliojificha ilibidi watoke, maana asiye na chakula hana budi kukifuata kilipo. Ugonjwa uliwasimamisha watu, na njaa ikawaondosha tena.

Jina la ugonjwa

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukulielezwa shuleni. Mafua yale huitwa mpaka leo mafua ya Kihispania, kana kwamba yalitoka Hispania. La hasha! Hispania haikuwa katika vita, na kwa hiyo magazeti yake hayakukaguliwa na wanajeshi. Nchi zilizopigana, kama Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, zilizuia habari za ugonjwa zisije zikavunja moyo wa askari. Magazeti ya Hispania yaliandika wazi, hasa Mfalme Alfonso XIII alipougua, na dunia ikadhani ugonjwa uko huko. Nchi iliyosema kweli ndiyo iliyopewa jina la ugonjwa.

Tuliweke jambo hilo moyoni, kwa kuwa karne moja baadaye jambo la kufanana nalo lilitokea hatua chache kutoka sokoni kwetu.

Mei 2020

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua pamoja kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Shabaha yake ilikuwa kupunguza siku ambazo lori linasubiri: ukaguzi wa nchi zote mbili ufanyike mahali pamoja badala ya mara mbili. Miezi mitano baadaye, tarehe 16 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, akiwa amepatikana Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Mabasi yakaagizwa yasichukue abiria wa kusimama. Ndoo za maji na sabuni zikasimama mbele ya kila duka, kila ofisi na kila kanisa. Makanisa na misikiti nchini viliachwa wazi, ingawa katika parokia nyingi vibakuli vya maji ya baraka vilikaushwa, Komunyo ikapokelewa mkononi, na amani tukatakiana kwa kuinamisha kichwa. Walikuwapo maaskofu walioona ni heri kwenda mbali zaidi. Jimbo la Rulenge-Ngara lilisimamisha kwa muda Misa za hadhara.

Biashara ya mpakani iliendelea. Nchi wanachama wa SADC zilikubaliana mwezi Aprili mwaka huo kwamba mizigo muhimu iendelee kupita, na wanaosafiri na lori wapunguzwe. Ndipo Zambia ilipoanza kupima watu kwa wingi Nakonde. Jumamosi tarehe 9 Mei 2020 serikali ya Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa siku moja, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde. Rais Lungu akaamuru mpaka ufungwe kuanzia Jumatatu tarehe 11 Mei.

Tendo hilo halikuwa la Zambia peke yake. Juma hilohilo, tarehe 16 Mei, Kenya nayo ilifunga mipaka yake na Tanzania kwa abiria, ikaacha mizigo tu, na madereva wakapimwa Namanga. Waliokutwa na virusi wakarudishwa. Uganda nayo ilikuwa ikiwapima madereva kwenye mipaka yake. Kila mahali mtu aliyeonekana kubeba hatari ni yule aliyekuwa amebeba mzigo wa wengine.

Zambia haikuweza kuufunga mpaka kwa muda mrefu. Yenyewe inahitaji mafuta na bidhaa zinazopita hapa, na shaba yake na ya Kongo inahitaji bandari. Siku chache tu zikatosha, mizigo ikaanza tena kupita kwa masharti. Lakini siku hizo chache na miezi iliyofuata ziliacha alama.

Mwendo uliogawanywa

Tuangalie sasa mwendo wa watu ulivyobadilika, maana hapa ndipo penye fundisho.

Mwaka 1918 mzigo na mtu havikutenganishwa. Mzigo ulikuwa kichwani pa mtu. Mwaka 2020 wakubwa walijaribu kuvitenganisha. Mzigo ulipewa ruhusa ya kupita, mtu akanyimwa. Kwa mwenye lori la shehena zilitungwa taratibu, kwa sababu hazina ya serikali inamtegemea. Lakini Tunduma na Nakonde haziishi kwa malori tu. Kuna mama anayevuka asubuhi na beseni la nyanya na kurudi saa nane na unga. Kuna kijana wa guta na yule wa bodaboda. Kuna mbadilisha fedha mwenye kwacha mkono mmoja na shilingi mkono wa pili. Kuna mwanamke aliyeolewa ng'ambo ambaye baba yake amelazwa upande huu. Hao si shehena, na hawasafiri kwa basi wala hawana hati ndefu. Katika taratibu za dharura hawakuwa na safu yao ya kuandikwa.

Matokeo yake kila mkazi wa mpakani anayajua. Geti likifungwa, njia za panya hufunguka. Mpaka wetu hauna mto wala mlima wa kuuzuia mguu wa mtu. Mahali pengi ni barabara tu, maduka upande huu na maduka upande ule. Anayepita getini hupimwa joto, hunawa mikono na huandikwa jina. Anayepita kichochoroni hapimwi wala haandikwi. Hivyo agizo lililokusudiwa kuuona ugonjwa liliwafanya baadhi ya wabebaji wake wasionekane. Hatusemi kwamba Zambia ilikosea kujilinda. Kila serikali ina wajibu wa kulinda uhai wa watu wake. Tunasema tu kwamba mpaka wenye ndugu pande zote mbili haufungwi kwa minyororo pekee. Hufungwa, inapobidi, kwa kuwaeleza watu ukweli na kuwapa chakula cha siku hizo.

Na madereva? Wengi walikaa katika foleni za kilomita kadhaa, wakilala ndani ya kabini, wakipika chini ya lori, wakiogopwa na hata wale waliozoea kuwauzia chakula. Mama lishe aliyekuwa akimkaribisha dereva kwa jina alianza kumwekea sahani mbali. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipogunduliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera na baadaye kuenea katika barabara kuu, dereva wa masafa marefu na msichana wa nyumba ya wageni walibebeshwa lawama ambayo ilipaswa kugawanywa kwa wengi. Mwaka 1918 aliyeogopwa ni mpagazi. Mwaka 2020 ni dereva na utingo wake. Tunavihitaji wanavyovibeba, kisha tunawaogopa wao wenyewe.

Kanisa nalo lina kumbukumbu ndefu juu ya jambo hili. Neno karantini linatokana na siku arobaini ambazo watu wa Venezia waliwasubirisha mabaharia na abiria wa meli zilizoshukiwa, na kabla yao mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, ulikuwa umeanza na siku thelathini mwaka 1377. Wakristo walikubali kutengwa kwa wagonjwa na washukiwa. Hawakuona kuwa ni kukosa imani. Lakini pamoja na kutenga walijifunza kulisha. Tauni ilipoipiga Milano mwaka 1576, Askofu Mkuu Karoli Boromeo alibaki mjini wakati wakubwa wengi walipoondoka, akaweka altare njiani na penye njia panda ili watu waliofungiwa majumbani washiriki Misa kutoka madirishani, akahimiza pia kutafutiwa chakula na mavazi kwa walionaswa katika karantini. Kufunga mlango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza aliyefungiwa amekula nini.

Hesabu iliyosimama

Sasa tufike kwenye swali la tatu, ambalo ndilo linalotusumbua zaidi.

Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, taarifa za idadi ya wagonjwa nchini mwetu zilisimama. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, nayo ilibaki hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Juni serikali ilitangaza kwamba ugonjwa umeondoka kwa sala za wananchi. Vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni na shule zote tarehe 29 Juni. Kwa hiyo mji mmoja wa watu wanaooana na kuzikana ukawa na hesabu mbili. Upande wa Nakonde watu waliendelea kupimwa na namba kutolewa. Upande wa Tunduma namba haikutolewa. Mtu aliyesoma magazeti ya ng'ambo angeweza kudhani kwamba ugonjwa uliishia barabarani, kwenye mstari wa mwaka 1898. Nakonde ikapata sifa ya kuwa mji wa korona, kama Hispania ilivyopata jina lake, kwa sababu huko ndiko kulikohesabiwa.

Wachungaji wetu hawakunyamaza. Mwishoni mwa Januari 2021, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye Tunduma ni sehemu ya kundi lake, akiwa wakati huo Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alitia sahihi barua ya kutahadharisha juu ya wimbi jipya la maambukizi, akiwataka waamini kusali na pia kujikinga. Mwezi Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, aliwaambia waandishi wa habari kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Hakudai kwamba wote walipimwa, kwa kuwa vipimo havikuwapo kwa wengi. Alisema tu kile ambacho Kanisa liliweza kukiona: majeneza yake yenyewe. Na Kanisa liliweza kukiona kwa sababu huwa linaandika.

Baada ya kifo cha Rais Magufuli tarehe 17 Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, taarifa zikaanza tena kutolewa, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani akizindua chanjo nchini. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ya korona kimataifa imekwisha. Malori yamerudi kwenye foleni zake, mama wa nyanya amerudi kwenye njia yake, na ndoo nyingi za kunawia zimerudi kufanya kazi ya kufulia.

Ukweli ni kwamba mwaka 1918 nao unafanana na mwaka 2020 katika jambo hili. Wapagazi waliokufa kwenye njia yetu hawakuwekewa msalaba wala jiwe. Kwenye mto Chambeshi pana mnara unaokumbuka mahali ambapo Jenerali alipata habari za amani, na vitabu vya vita vinataja Wajerumani 155 na askari 1,168 kwa tarakimu kamili. Wapagazi katika vitabu hivyo mara nyingi huwa ni jumla ya kukadiria. Mwenye bunduki alihesabiwa mmoja mmoja, na aliyembebea risasi akahesabiwa kwa makundi.

Yatupasayo

Ndugu wapendwa, kipo kitabu kimoja katika kila parokia ambacho watu wachache wanakijua, nacho ni kitabu cha marehemu. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1182, inaagiza kwamba baada ya maziko jina la marehemu liandikwe humo. Haiulizi kama alikuwa tajiri au utingo, kama alikufa kwa ugonjwa unaotangazwa au usiotangazwa. Inataka jina. Kwa mtu wa historia, kitabu hicho ni hazina; kwa mtu wa imani, ni sala. Atakayekifungua baada ya miaka mia moja ataona miezi ambayo kurasa zilijaa upesi, naye ataelewa bila ya kuelezwa na serikali yoyote.

Basi tuna maombi matatu kwenu juma hili. La kwanza, familia iliyofiwa kati ya Machi 2020 na mwisho wa mwaka 2021, hasa zile ambazo maziko yalifanyika kwa haraka, au ng'ambo, au bila ndugu wote, na zihakikishe kwamba jina la mpendwa wao limeandikwa katika parokia alikozikwa. Zikikuta halimo, ziwaone viongozi wa jumuiya ndogondogo wazisaidie. La pili, wenye wazee waliosikia habari za mafua ya zamani na njaa ya baada ya vita kutoka kwa wazazi wao, wawaketishe wazee hao na kuwasikiliza, na kijana mmoja aandike. Masimulizi hayo hupungua kila tunapomzika mmoja wao. La tatu, tusimwite tena dereva kwa jina la ugonjwa. Hata yule Msamaria wa Injili alikuwa msafiri barabarani, na aliyemwokoa yule mtu aliyeanguka kati ya wanyang'anyi hakuwa mwenyeji wa pale.

Mwezi Novemba Mama Kanisa hutukumbusha marehemu wote. Ndio mwezi ambao mafua ya mwaka 1918 yalipokuwa yakipita katika nchi hizi, na ndio mwezi ambao mvua zetu huanza na majembe hutoka. Tutakapoenda makaburini, tuwakumbuke pia wale wa kando ya njia ambao hakuna aliyewaandika, wapagazi wa Fife na Kayambi, na wale wa mwaka 2020 na 2021 ambao hesabu haikuwafikia.

Bwana awape pumziko la milele, na mwanga wa milele uwaangazie. Tuwatakie Dominika njema, ninyi nyote na wote wapitao njia yetu.